Kinachomwezesha Mwalimu Kufundisha Vizuri: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Matokeo mabaya ya darasa ni ushahidi wa uvivu wa mwalimu.

Ukweli: Kiwango cha serikali ya Tanzania kwa shule za msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini tangu mpango wa elimu bila malipo ulipoanza Januari 2016, jambo jema lililowafungulia watoto wengi mlango wa shule, madarasa mengi yamevuka kiwango hicho. Tuseme daftari moja linasahihishwa kwa dakika mbili: wanafunzi 45 watamchukua mwalimu saa moja na nusu, na 90 watamchukua saa tatu, kwa zoezi moja la somo moja. Ndiyo maana mazoezi hupungua, vema huwekwa kwa haraka, na kosa ambalo mtoto angeonyeshwa Jumatatu hukutwa tena kwenye mtihani. Mwalimu anayepanga chumba Moshi mjini na kufundisha huko juu Kibosho au Uru ana mzigo wa pili, kwa kuwa masika njia za ndani huwa na utelezi na nauli ya bodaboda hutoka mfukoni mwake. Kumwita mtu huyo mvivu ni kumwonea.

Dhana: Mshahara ukipanda, ufundishaji utaboreka wenyewe.

Ukweli: Mshahara unaotosha ni haki, na pasipo huo mwalimu huvunjika moyo. Hata hivyo, utafiti wa Frederick Herzberg na wenzake kwa wahandisi na wahasibu wa Pittsburgh, Marekani, uliochapishwa mwaka 1959, ulionyesha kwamba malipo huondoa manung'uniko kuliko yanavyoamsha ari, ilhali ari hutokana na kazi yenyewe, mafanikio na kutambuliwa. Kwa maoni yangu, mwalimu mkuu anayempongeza mwenzake kwa somo lililoeleweka anafanya kazi ambayo nyongeza ya mshahara peke yake haiwezi kuifanya.

Dhana: Ualimu ni wito, hivyo mazingira si hoja.

Ukweli: Wito haumpi mwalimu nyumba, vitabu wala choo cha staha.

Dhana: Ukaguzi mkali ndio dawa.

Ukweli: Mthibiti ubora wa shule huja na kuondoka, ilhali mwalimu hubaki na mada ngumu. Mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, huwakutanisha walimu shuleni kwao wajadili mada hizo, mradi mwalimu mkuu awatengee muda kwenye ratiba na asiugeuze kuwa kikao cha matangazo.