Mtoto anakojoa sana, ana kiu, anakonda: mpime sukari leo

Maswali haya huulizwa na wazazi hapa Kigoma, mjini na vijijini. Nayajibu kwa sababu bado tunapokea watoto wenye kisukari wakiwa wameshapoteza fahamu, na nyumbani dalili zilikuwa zikionekana kwa wiki kadhaa.

Kisukari cha aina ya kwanza ni nini?

Kinga ya mwili inashambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Insulini ikikosekana, sukari inabaki kwenye damu na mwili unakosa nguvu. Hakiletwi na kula pipi wala kurogwa.

Kisukari si cha watu wazima?

Hapana. Mtoto wa darasa la pili anakipata, na hata anayenyonya anaweza kukipata.

Nasikia nchi za nje wanapima watoto kabla hawajaugua. Huku napata wapi kipimo hicho?

Kipimo hicho kinatafuta kwenye damu kingamwili zinazoshambulia kongosho. Mtoto akikutwa na aina mbili au zaidi za kingamwili hizo, ugonjwa umeshaanza hata kama sukari yake bado ni ya kawaida. Jimbo la Bavaria, Ujerumani, lilianza kupima watoto wadogo mwaka 2015 kwa mpango uitwao Fr1da. Marekani kuna TrialNet, ambao hupima ndugu wa wagonjwa. Italia ilipitisha sheria mwaka 2023 ya kupima watoto nchi nzima. Tena Novemba 2022 Marekani iliidhinisha teplizumab, dawa ya kuchelewesha ugonjwa kwa wenye miaka 8 na kuendelea. Katika utafiti ilichelewesha kwa takriban miaka miwili. Haiponyeshi.

Kwenye zahanati zetu kipimo hicho hakipo, na usikae ukikisubiri. Faida kubwa ya mipango hiyo ni kwamba mtoto anagundulika kabla hajafikia hali mbaya. Hapa Kigoma tunaweza kumwahi kwa tone moja la damu ya kidole, alimradi aletwe dalili zikianza.

Dalili zenyewe ni zipi?

Kukojoa mara kwa mara, kiu isiyoisha, kukonda ingawa anakula, uchovu. Mtoto aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani anaanza upya. Huyu, tafadhali, msimchape. Anachapwa nyumbani kwa kulowesha godoro, anagombezwa shuleni kwa kuomba ruhusa ya kwenda chooni, na muda wote huo ni mgonjwa. Wazazi wengine husimulia kwamba sisimizi walijaa pale alipokojoa. Ukiona hivyo, usingoje kesho.

Lakini huku kila homa ni malaria. Si nianze na dawa ya malaria?

Usianze na dawa. Anza na vipimo, na kipimo cha sukari kiwemo. Malaria ipo kweli Kigoma, na mtoto anaweza kuwa na vyote viwili. Kukutwa na malaria hakumaanishi kwamba sukari iko sawa.

Angalia jambo hili kwa makini. Mtoto anayetapika, midomo imekauka, macho yameingia ndani, kwa kawaida hukojoa kidogo. Akiwa amekauka hivyo na bado anakojoa sana, mpeleke akapimwe sukari saa hiyo hiyo. Akianza kuhema kwa nguvu na kwa kina, tumbo likamuuma, pumzi ikanuka kama matunda yaliyoiva sana, asidi imejaa kwenye damu. Huyo ni wa hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku.

Nimempa glukosi na soda apate nguvu. Ni vibaya?

Ndiyo, kama sukari yake iko juu unamwongezea tatizo. Tunawaona kina mama wanafika wamebeba mtoto mgongoni na chupa ya soda mkononi, na kila mtoto akilegea wanamnywesha. Mama, najua unafanya kwa mapenzi. Mtoto ambaye hajaambiwa ana kisukari, ana kiu na anakojoa sana, mpe maji ya kawaida akiwa macho na anaweza kumeza, huku mkiwa njiani.

Nimeambiwa nimrudishe asubuhi kabla hajala.

Mwenye dalili hizi hasubiri asubuhi. Apimwe ameshiba au ana njaa. Akiwa na dalili na sukari ikafika 11.1 mmol/L au zaidi muda wowote, hicho ni kisukari. Na mashine ikiandika HI badala ya namba, haijaharibika: sukari imepanda kupita uwezo wake wa kusoma. Msiende nyumbani na jibu hilo. Apelekwe hospitali ya wilaya au hospitali ya mkoa ya Maweni siku hiyo.

Ameanza insulini na sasa ana afya. Tumwachishe, tutumie miti shamba?

Hapana. Wiki au miezi ya mwanzo mahitaji ya insulini hushuka, kwa sababu kongosho bado lina nguvu kidogo. Watu hudhani amepona, sindano inaachwa, na anarudi akiwa mahututi, au harudi. Dozi hupunguzwa na daktari. Kuombewa, aombewe, na sindano iendelee. Msiiache hata siku moja.

Wadogo zake nao wapimwe?

Hatari yao ni kubwa kuliko ya watoto wengine, ingawa wengi hawaugui. Sukari ya kawaida leo haina maana hawataugua mwakani, kwa hiyo kaeni mkizijua dalili. Anayeanza kukojoa sana apimwe siku hiyo hiyo.

Na zahanati ikisema stripu za kupimia zimeisha?

Omba mkojo upimwe kwa kijiti, kinaonyesha sukari na ketoni, yaani ile asidi inayojaa mwilini insulini ikikosekana. Kama nacho hakipo, omba karatasi ya rufaa na mwende kituo cha afya kinachofuata, bila kupitia nyumbani. Mwambieni anayewapokea hivi: "Anakojoa sana, ana kiu, amekonda, naomba apimwe sukari." Msiishie kusema ana homa.