Lemuri hawakubaki Madagaska tangu enzi za dinosaria

Wengi wetu tumesimuliwa hivi: Madagaska ilimeguka kutoka Afrika ikiwa na wanyama wake, ikawatunza, na ndiyo maana lemuri, jamaa wa komba wetu, wako huko tu. Miamba ya kisiwa chenyewe inakanusha.

Kaskazini-magharibi, karibu na kijiji cha Berivotra, si mbali na Mahajanga, kuna matabaka ya mawe ya mchanga yaitwayo Maevarano. Yalijengeka mwishoni mwa kipindi cha Kretasia, miaka milioni 70 hivi iliyopita, kisiwa kikiwa kimeshaachana na Afrika na hata India. Visukuku vyake vinastaajabisha mno! Yumo Majungasaurus, dinosaria mla nyama ambaye alama za meno yake zimekutwa kwenye mifupa ya wenzake. Yumo Simosuchus, ndugu wa mamba mwenye pua butu, anayedhaniwa kuwa alikula majani. Yumo chura mkubwa Beelzebufo. Tena kuna Adalatherium, mamalia wa ukubwa wa paka aliyetangazwa mwaka 2020, ambaye ukoo wake umetoweka kabisa duniani.

Lemuri je? Hajaonekana hata jino lake.

Vinasaba vinaonyesha kwamba mababu zao walifika baada ya dinosaria kutoweka. Wataalamu wengi wanaona walivuka bahari kutoka Afrika juu ya miti na magugu yaliyong'olewa na mafuriko. Mnyama mdogo huweza kunusurika katika safari hiyo. Simba na twiga hawakufika.