Shabu kwenye maji ya tope: kwa nini ukoroge haraka, kisha polepole?

Nimetia shabu kwenye ndoo, nimekoroga kwa nguvu robo saa nzima, maji bado yana rangi ya chai ya maziwa. Shabu imeharibika?

Huenda shabu ni nzima, tatizo ni mwiko. Chembe za udongo wa mfinyanzi ni ndogo mno na zote zina chaji hasi, kwa hiyo zinafukuzana. Ndiyo maana maji ya mto yanaweza kulala ndooni yakaamka vilevile. Shabu huiua hiyo chaji na kufanya ute unaonata. Lakini lazima ienee ndoo nzima upesi, la sivyo inaishia pale ilipodondokea. Isage, iyeyushe kwenye maji kidogo, mimina, koroga kwa kasi kama dakika moja. Basi.

Halafu?

Punguza mwendo. Sasa mwiko unazikutanisha chembe ili zigande pamoja. Zungusha taratibu dakika 15 hadi 20, mkono usichoke ukakata tamaa. Kwanza utaona kama ukungu, kisha vipunje, kisha mabonge mepesi mfano wa pamba iliyochambuliwa, na katikati yake maji yanaanza kuangaza. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanafurahi, wanaongeza kasi. Mabonge hayo ni dhaifu, mwiko ukienda mbio yanapasuka, na yakishapasuka hayashikani tena kama mwanzo. Hata mitambo mikubwa ya maji hufanya hivyohivyo: mapanga ya kasi kwa muda mfupi, kisha makasia ya polepole.

Na mbegu za mlonge?

Kanuni ni ileile. Protini yake ndiyo inayozivuta chembe. Ila usiyaweke maji hayo zaidi ya siku moja, maana mabaki ya mbegu huwalisha vijidudu.

Maji yaking'aa, ninywe?

Hapana. Vijidudu vingi huzama na mabonge, si vyote. Acha yatulie saa moja au zaidi, yamimine polepole bila kuchokoza mashapo, uyapitishe kwenye kitambaa safi cha pamba. Kisha chemsha mpaka yatokote, au tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Ukiitia klorini kwenye tope, uchafu huimaliza kabla haijawafikia vijidudu.

Yale mashapo yamwage chooni, si uani wanapocheza watoto.