Maji ya Dar Hayajui Baridi: Bakteria wa Legionela na Matangi Yetu

Saa nane mchana, mwezi wa pili, nilipanda juu ya paa la gesti moja Sinza na kipimajoto mfukoni. Tangi jeusi la lita 2,000 lilikuwa limekaa juani tangu asubuhi. Nikafunua mfuniko, nikatumbukiza kipimajoto: nyuzi 37. "Kumbe hita ya nini, mtaalamu!" akasema mwenye gesti. Tukacheka. Ila maabara, tunapotaka kuotesha legionela, tunamweka kwenye joto la nyuzi 36 hivi.

Bakteria huyu alipata jina kutokana na msiba. Julai 1976 wanachama wa chama cha maveterani wa vita cha Marekani, American Legion, walikutana katika hoteli moja jijini Philadelphia. Baada ya siku chache wakaanza kuugua nimonia kali. Watu zaidi ya 200 waliugua, 34 wakafariki, na kwa miezi kadhaa hakuna aliyejua kilichowaua. Mwanasayansi Joseph McDade alikuwa ameona vijiti vichache kwenye darubini mwezi Agosti, akavipita. Mwishoni mwa Desemba roho haikutulia, akarudi kwenye slaidi zilezile. Januari 1977 yeye na mwenzake Charles Shepard walimtangaza bakteria mpya. Kila kijana anayeanza kazi maabara kwetu namsimulia kisa hiki, hasa hapo pa kurudi kuangalia tena.

Legionela huishi majini, ndani ya utando ule wenye utelezi unaoshika kuta za tangi na mabomba. Humo kuna amiba, vijidudu vya chembe moja tu, wanaokula bakteria. Huyu akimezwa hasagiki, bali huzaliana humohumo tumboni mwa aliyemmeza. Akiingia kwenye mapafu, mchezo ni uleule, safari hii ndani ya chembe nyeupe zinazotulinda. Kwa kawaida humpati kwa kunywa maji, wala mgonjwa hamwambukizi anayemuuguza. Unamvuta kwa pumzi, katika manyunyu madogo ya bomba la mvua, chemchemi za mapambo, au minara ya kupozea majengo makubwa. Kiyoyozi cha ukutani, ambacho watu wa Dar hukisingizia kila mafua, hakipozi hewa kwa kunyunyiza maji, kwa hiyo hapa hakina kesi.

Vitabu vya Ulaya vinasema maji baridi yawe chini ya nyuzi 20 na ya moto yahifadhiwe kwenye nyuzi 60 au zaidi. Nusu ya pili tunaiweza, mwenye hita aipandishe. Nusu ya kwanza, kwa mji huu, ni ndoto: maji ya tangi hayashuki hapo labda uyatoe kwenye friji. Halafu kuna mgao. Tunajaza matangi makubwa kwa hofu ya kukatikiwa, maji yanalala siku nyingi, na klorini yaliyotoka nayo mtamboni inaisha nguvu mapema kwa sababu ya joto. Kwa hiyo silaha yetu si baridi. Ni tangi lenye mfuniko unaobana, lililo kivulini, linalosuguliwa tope na kutiwa klorini, na maji yasiyolala.

Dalili huanza siku 2 hadi 10 baada ya kumvuta: homa, kikohozi kikavu, kichwa, misuli kuuma, wakati mwingine kuhara na kuchanganyikiwa. Wazee, wavutaji sigara na wenye kinga dhaifu ndio huumia zaidi. Dawa ya amoksilini haimfikii, maana amejificha ndani ya chembe za mwili. Azithromaisini na levofloksasini humfikia. Basi ukipata nimonia, mwambie daktari ulilala wapi wiki mbili zilizopita. Kuna kipimo cha mkojo kinachomnasa yule wa aina inayowaumiza watu wengi zaidi, lakini daktari lazima kwanza amfikirie.

Tuliposhuka kutoka paani, tuliingia chumba namba 9, ambacho hakikuwa na mgeni kwa wiki tatu. Nikafungua kichwa cha bomba la mvua kwa spana: ndani ukoko wa kahawia, laini kama mlenda. Tukakisugua, tukakiloweka kwenye siki kitoe chokaa, tukakisuuza, kisha kwenye klorini. Nikamwomba kila wiki afungue mabomba ya vyumba vitupu kwa dakika chache, dirisha wazi, yeye akiwa nje. Akaniuliza bili ya maji atalipa nani.