Helikopta nyepesi dhidi ya kifaru: kila kitu ni umbali na sekunde

Kila Sabasaba, kwenye banda letu la elimu ya usafiri wa anga, kuna swali halikosi. Kijana anasimama mbele ya picha ya helikopta ndogo yenye mirija miwili kila ubavu, anaitazama, kisha anauliza kwa mashaka: "Mwalimu, na hii nayo inapiga kifaru?"

Inapiga, tena bila kukisogelea.

Ile ya kwenye picha ni Hughes 500MD Defender ya Marekani. Ukiijaza mafuta, ukaipakia watu wawili na makombora manne ya kupigia vifaru aina ya TOW, uzito wake haufiki tani 2. Land Cruiser tupu inaizidi. Kifaru cha T-55, ambacho majeshi mengi ya Afrika yanakifahamu, kina tani 36. Wafaransa nao walikuwa na Gazelle yenye makombora manne ya HOT. Wajerumani walikuwa na BO 105 iliyobeba sita, na ikumbukwe kwamba BO 105 hiyo hiyo, bila makombora, ilikuwa ikiwakimbiza hospitali majeruhi wa ajali za barabarani. Hakuna hata moja kati ya hizi yenye deraya ya maana. Risasi za rashasha zinaipenya.

Kwa hiyo ondoa kichwani ile picha ya sinema, helikopta inayopiga mbizi juu ya vifaru huku ikimwaga moto. Ikijaribu hivyo haimalizi dakika. Kinga yake ni kutoonekana. Inakuja chinichini ikifuata mabonde, inasimama hewani nyuma ya miti au kilima, inachungulia, inapiga, inatoweka. Hata mahali ilipofungwa darubini ni suala la uhai. Kwenye Gazelle na BO 105 darubini iko juu ya paa la chumba cha rubani, kwa hiyo kinachochungulia ni kipande cha paa na mapanga yanayozunguka. Kwenye Defender ya kawaida iko puani, hivyo rubani analazimika kuinuka zaidi ili mwenzake aone. Tofauti ya mita moja hivi, lakini upande wa pili kuna mtu mwenye mzinga anayeitafuta mita hiyo.

Sasa fuatilia kombora lenyewe. TOW linatoka kwenye mrija, mabawa yanafunguka, na nyuma yake linaburuza waya mbili nyembamba kama unywele zinazojikunjua kutoka kwenye rili zilizo ndani ya kombora. Mkiani lina taa inayotoa mionzi ya joto. Wengi hudhani mpigaji analiendesha kombora kwa usukani. Hapana. Kazi yake ni moja tu: kushikilia alama ya msalaba ya darubini juu ya kifaru na kutoiondoa. Kifaa kilicho pembeni ya darubini kinaiona ile taa ya mkiani, kinapima kombora limekwenda kando kiasi gani, na kulirekebisha kwa kupitisha umeme kwenye waya.

Mpaka kufika mita 3,750, kombora hilo linatumia sekunde 20 hivi. Zihesabu polepole kichwani. Kifaru kinachokwenda kilomita 40 kwa saa kitakuwa kimetembea zaidi ya mita 200, umbali unaotosha kuingia nyuma ya nyumba au kufyatua moshi. Na muda wote huo helikopta haiwezi kurudi mafichoni, kwa sababu mpigaji akipoteza shabaha, kombora nalo limepotea.

Kuna jambo ambalo vipeperushi vya wauzaji hulipita haraka. Helikopta kusimama hewani, mbali na ardhi, bila upepo wa kuisaidia, ni kazi inayoinyonya injini kuliko kwenda mbele kwa mwendo wa kawaida. Na hewa ya moto ni nyepesi, ya moto yenye unyevu ni nyepesi zaidi. Rubani aliyewahi kuruka kutoka Uwanja wa Julius Nyerere saa nane mchana mwezi Januari anajua ninachosema: mashine ile ile iliyokuwa na nguvu alfajiri sasa inajivuta. Ipeleke Dodoma, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, au Mbeya kwenye mita 1,700, hali inabana zaidi. Uwezo wa kwenye karatasi mara nyingi hutolewa kwa usawa wa bahari na nyuzi joto 15. Sisi nyuzi 15 tunazipata wapi? Katika mazingira yetu, makombora manne ya kwenye tangazo yanaweza kugeuka mawili, au manne yenye mafuta kidogo.

Nimalize pia imani moja ya mtaani, kwamba kombora "linayeyusha" chuma. Kichwa chake kina baruti iliyozunguka koni ya shaba. Baruti ikilipuka, koni inajibana na kuwa mchirizi mwembamba unaokwenda kilomita kadhaa kwa sekunde, na kwa mgandamizo huo chuma cha deraya kinasukumwa pembeni kama tope. Ni nguvu ya msukumo, si joto. Ndiyo maana unene wa kombora ni muhimu: koni pana hutoboa zaidi, na TOW ina kipenyo cha milimita 152.

Historia ya silaha hii ni mbio za umbali. Ufaransa ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kufunga makombora ya SS.11 kwenye helikopta za Alouette, na hapo mpigaji kweli alikuwa akiliongoza kwa kijiti, kazi ngumu isiyo na msamaha. TOW lilijaribiwa vitani Vietnam. Helikopta mbili za UH-1B zilipelekwa kwa haraka, na Mei 2, 1972 zikapiga vifaru aina ya M41, vilivyotengenezwa Marekani na kutekwa na adui. Mwaka 1982 nchini Lebanon, Gazelle za Syria zilivizia misafara ya vifaru vya Israel, nazo Defender za Israel zikafanya vivyo hivyo upande wa pili.

Wakati huo hesabu zilikuwa zinalipa. Shilka, gari la Kisovieti lenye mizinga minne ya kutungulia ndege, lilifika mita 2,500. Mwenye TOW alimpiga kutoka nje ya ufiko wake. Kisha Wasovieti wakaleta Tunguska yenye makombora yanayofika kilomita 8, na askari wa miguu wakajazwa makombora ya kubeba begani. Sekunde 20 za kusimama hewani zikawa ghali mno. Marekani ikajibu kwa Hellfire linaloongozwa na leza, la kilomita 8, lakini lilibebwa zaidi na helikopta nzito kama Apache.

Kwetu huku silaha hii ina historia ya ajabu kidogo. Anayeikumbuka Vita vya Kagera anaijua Lukaya, Machi 1979, ambako Walibya walikuja na vifaru vya T-55 kwenye barabara inayokatiza kinamasi. Kifaru kilichobanwa barabarani, maji huku na huku, ndicho hasa mpigaji wa TOW angekiomba. Lakini vita ile iliamuliwa na mizinga na askari wa miguu. Kenya ilipata Defender zenye TOW mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Januari 2020 ikapokea MD 530F sita, mashine za ukoo ule ule. Hizi mpya zilikuja na rashasha na roketi. Ni uamuzi wa busara, maana anayepigana upande wa Somalia anatembelea pikapu, na kombora la kifaru kwa pikapu ni hasara. Congo mwaka 2013, brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa na askari wetu dhidi ya waasi wa M23 ilisaidiwa na helikopta za mashambulizi za Rooivalk za Afrika Kusini, nazo zilipiga kwa roketi za milimita 70.

Ungedhani hadithi imeishia hapo. Lakini Desemba 2023 Ujerumani, iliyostaafisha BO 105 mwaka 2016, ilisaini mkataba wa H145M, helikopta nyepesi ya tani 3.8, hadi 82 kwa jumla, kwa ajili ya kazi kadhaa ikiwemo ya kupiga vifaru. Kombora lake, Spike ER2 la Israel, lina kamera puani na likirushwa kutoka hewani linafika kilomita 16. Mpigaji anaona kile kombora linachokiona, kwa hiyo helikopta inaweza kubaki nyuma ya kilima.

Japani imetazama ushahidi ule ule ikaamua kinyume. Desemba 2022 ilitangaza kwamba itaachana na helikopta zake za mashambulizi na nafasi yake ichukuliwe na ndege zisizo na rubani. Na vita vya Ukraine vimeipa hoja: droni ndogo inayoburuza uzi wa kioo wa kuiongoza, kwa sababu mawimbi ya redio yanavurugwa, inapiga kifaru kwa gharama ambayo hainunui hata mrija wa TOW. Mbinu ya waya, iliyoonekana kupitwa na wakati, imerudi.

Binafsi naona Wajerumani wana hoja nzuri zaidi kwa jeshi lenye bajeti ndogo, na sababu haina uhusiano na kombora. H145M ikivuliwa makombora inabeba askari, na mashine za ukoo wake zinabeba majeruhi kila siku. Droni iliyolipuka haina kazi ya pili. Atakayenunua mashine kama hiyo kwa ukanda huu, basi aombe jedwali la uwezo wake kwa nyuzi joto 33 kabla ya kuuliza bei.