Je, wajua kwa nini Wi-Fi huonyesha mistari yote na bado mtandao unasuasua?

Hali hii wengi tunaijua. Simu inaonyesha mistari yote ya Wi-Fi, ruta iko pale pale sebuleni, lakini video inazunguka tu na sauti ya unayeongea naye inakatika. Watu wengi huzima ruta na kuiwasha, na isipotengemaa wananunua kifurushi kikubwa zaidi. Inaniuma kuona pesa zikiishia hapo, kwa sababu mara nyingi kifurushi hakikuwa na kosa.

Mistari ile hupima kitu kimoja tu: mawimbi ya ruta yanaifikia simu yako kwa nguvu kiasi gani. Haisemi kama hewa ina msongamano, wala haijui kinachoendelea kuanzia kwenye ruta hadi kwa mtoa huduma. Hata upande wa kurudi haiuonyeshi. Simu kwa kawaida hurusha mawimbi kwa nguvu ndogo kuliko ruta, kwa hiyo ukiwa chumba cha mwisho simu inaweza kuisikia ruta vizuri huku ruta ikiisikia simu kwa shida.

Basi kabla ya kutengeneza chochote, jua kwanza tatizo liko upande gani wa ruta. Kwenye kompyuta ya Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, kisha kwenye lile dirisha jeusi andika: ping 192.168.1.1 -t. Amri hiyo huiita ruta mfululizo na kupima jibu linachukua muda gani kurudi; namba hiyo ni anwani ya ruta yako. Nyingine hutumia 192.168.0.1, na mara nyingi imeandikwa kwenye kibandiko chini ya ruta. Ukiwa karibu na ruta, majibu yanatakiwa kuja ndani ya milisekunde chache: 3, 4, 3, 5. Ukiona 4, 3, 210, 6, 480, au jibu likikosekana kabisa, ugonjwa uko hewani, humo humo ndani ya nyumba. Majibu ya ruta yakiwa yametulia, jaribu anwani ya Google, 8.8.8.8. Hapo hata 30 au 60 si mbaya, mradi namba zisirukeruke. Zikirukaruka hapo tu, tatizo liko mbele ya ruta. Kama huna kompyuta, pima kasi kwa simu ukiwa umesimama karibu na ruta, halafu pima tena chumbani. Tofauti ikiwa kubwa, shughulika na nyumba yako kwanza.

Tuanze na hewa, maana kwenye nyumba za ghorofa huko ndiko matatizo mengi yanakozaliwa. Wi-Fi ya gigahezi 2.4 hutumia kipande chembamba cha masafa, kuanzia megahezi 2400 hadi 2483.5. Katika nchi nyingi kipande hicho kimegawanywa katika chaneli 13 zilizoachana kwa megahezi 5 tu, ilhali ruta moja ikirusha huchukua takriban megahezi 20. Ndiyo maana chaneli zinazoweza kukaa pamoja bila kuingiliana ni tatu: 1, 6 na 11. Sasa hesabu ruta zilizomo kwenye jengo lenu.

Vifaa vilivyo kwenye chaneli moja hukaa kama watu barazani: mmoja huongea, wengine husubiri amalize. Ruta ya jirani ikiwa chaneli 6 kama yako, mnapokezana. Akiwa chaneli 4, hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu vifaa vyenu haviwezi kusomana na kila upande unausikia mwenzake kama kelele. Halafu kuna jambo ambalo watu hawalitegemei: kifaa kinachopokea vibaya huwachelewesha wote. Televisheni iliyo chumba cha nyuma, inayowasiliana kwa megabiti 6 kwa sekunde, hushika hewa takriban mara kumi ya simu inayotumia megabiti 60 kwa data ile ile. Kwa hiyo unaweza kukaa jirani kabisa na ruta na bado ukateseka kwa sababu ya televisheni hiyo.

Ruta nyingi za sasa zina pia masafa ya gigahezi 5, na jina lake mara nyingi huishia na 5G. Hiyo haina uhusiano na 5G ya laini za simu. Masafa hayo yana chaneli nyingi zaidi, na hayapenyi kuta vizuri, jambo linalokusaidia kwenye ghorofa kwa sababu hata ya jirani hayakufikii kwa urahisi. Weka humo simu, kompyuta na televisheni zilizo karibu. Kwenye 2.4, ingia kwenye mipangilio ya ruta, weka upana wa chaneli uwe megahezi 20, kisha chagua kati ya 1, 6 na 11 ile yenye majirani wachache. Kwa Android zipo programu za bure zinazoonyesha kila ruta iko chaneli gani na nguvu yake. Nguvu hiyo husomwa kwa namba hasi: -50 ni nzuri sana, -67 yatosha kwa simu ya video, ikishuka chini ya -80 usitarajie mengi. Na kuzima ruta na kuiwasha husaidia wakati mwingine kwa sababu hii hii: ikiwa imeachwa ijichagulie, ikiwaka hutafuta chaneli upya.

Kuta nazo zina lao. Zege lenye nondo, mabati, kioo kikubwa cha kujitazamia na tangi la maji huzuia mawimbi. Bahati mbaya ruta huwekwa pale kebo ya fundi ilipoishia, yaani kwenye kona nyuma ya televisheni. Iweke juu, mahali pa wazi, karibu na katikati ya nyumba. Ukinunua kirudishi cha mawimbi (repeater), usikiweke chumba kisicho na mtandao. Kiweke njiani, mahali ambapo bado kinapokea vizuri. Kikipokea na kurusha kwa chaneli ile ile, kasi hupungua karibu nusu, kwa hiyo mimi ningevuta kebo hadi kwenye ruta ya pili.

Kuna foleni pia. Simu ikianza kupandisha picha na video kwenye hifadhi ya mtandaoni, hujaza njia ya kupakia, ambayo kwenye vifurushi vingi ni nyembamba. Data hupanga foleni ndani ya ruta, na majibu ya 8.8.8.8 yanaweza kupanda kutoka 30 hadi mamia ya milisekunde. Simamisha upakiaji huo uone namba zinavyoshuka.

Upande wa mbele ya ruta, usisahau hesabu ya kifurushi chenyewe: megabiti 10 kwa sekunde ni megabaiti 1.25 tu, kwa hiyo faili la gigabaiti 1 litachukua zaidi ya dakika 13 hata kila kitu kikiwa sawa. Na yapo yaliyo nje kabisa ya uwezo wako. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika, mtandao ulizorota Tanzania, Kenya na nchi jirani, hata kwenye nyumba zenye ruta bora.

Ukithibitisha tatizo liko mbele ya ruta, unganisha kompyuta kwa kebo, pima kasi asubuhi na saa mbili usiku, hifadhi picha za majibu, kisha wapigie huduma kwa wateja ukiwa nazo mkononi.