Je, wajua kwa nini namba moja huvuruga hesabu ya darasa zima?

Mpwa wangu wa darasa la tano alirudi nyumbani na kazi ya takwimu. Walikuwa wamepimana kuruka chini kwenye mchanga, kila mmoja akaandika sentimita zake: 214, 198, 205, 221, 201, 21, 209. Swali lilikuwa moja: masafa ya data hizi ni kiasi gani?

"Mjomba, ni 200," akaniambia kabla sijakaa vizuri.

Hakukosea. Masafa hapa ni neno lile lile la safari: umbali kutoka namba ndogo kabisa hadi kubwa kabisa. Tafuta kubwa, tafuta ndogo, toa. 221 toa 21 ni 200.

Nikamwomba alete rula yake ya sentimita 30, ailaze sakafuni, airuke. Akaivuka kama mtu anayevuka kizingiti. "Haya, nani darasani kwenu aliruka 21, pungufu hata ya rula?" Akaanza kucheka. Yaelekea mtoto alitaka kuandika 210, sifuri ikamponyoka.

Tukaiweka 21 kando, tukatoa upya: 221 toa 198 ni 23. Tazama tofauti hiyo. 200 inasema darasa lina mabingwa na watoto wanaotambaa. 23 inasema ni watoto wa rika moja, wanaopishana kwa shibiri moja hivi. Kwa nini namba moja iwe na nguvu kiasi hicho? Kwa sababu masafa huuliza namba mbili tu, ndogo kabisa na kubwa kabisa. Za katikati, hata ziwe elfu moja, hazina sauti. Anayesimama pembeni akidanganya, amewasemea wote.

Namba kama hiyo 21 tuiite namba iliyojitenga. Kwa mtoto wa msingi sioni haja ya kanuni ya kuinasa. Kanuni zipo na atakutana nazo sekondari. Chora mstari wa namba chini kwa chaki, kisha kila namba iwekee kizibo cha soda mahali pake. Vizibo sita vitabanana karibu na 200, na kimoja kitabaki huko mbali kama mbuzi aliyekatika kamba. Jicho linatosha.

Kazi ngumu ni kuamua uifanye nini. Watoto wengi, na watu wazima pia, wakiiona tu wanaifuta. Hapo ndipo nilipomsimulia habari za Olimpiki ya Mexico City.

Tarehe 18 Oktoba 1968, Mmarekani Bob Beamon alikimbia, akaruka chini, akatua mbali kuliko kifaa cha kupimia kilivyoweza kufika. Waamuzi wakalazimika kuleta utepe wa chuma. Walipopima: mita 8.90. Rekodi ya dunia siku hiyo ilikuwa 8.35. Na tangu Jesse Owens aruke 8.13 mwaka 1935, dunia nzima ilikuwa imeongeza sentimita 22 tu kwa miaka 33. Beamon akaongeza 55 kwa mruko mmoja.

Sasa weka wanne wa kwanza wa fainali ile kwenye mstari wetu wa chaki: 8.90, 8.19, 8.16, 8.12. Masafa ni sentimita 78. Mwondoe Beamon, yanabaki 7. Wastani nao unayumba: ukiwajumlisha wote wanne na kugawanya unapata kama 8.34, umbali ambao hakuna hata mmoja wao aliyeuruka katika fainali ile. Kwa macho, 8.90 inanuka kosa kama ile 21 ya mpwa wangu. Lakini utepe wa chuma ulithibitisha. Hewa ya mji ule ni nyepesi, kwa kuwa uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na upepo ulimsukuma kwa mita 2.0 kwa sekunde, ndiyo mwisho wa kinachoruhusiwa. Hayo yalimsaidia, ila washindani wake walivuta hewa hiyo hiyo. Rekodi yake ilidumu hadi 1991, Mike Powell aliporuka 8.95 mjini Tokyo.

Siku mbili baada ya mruko ule, mji ule ule, marathoni. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Wa mwisho kumaliza alikuwa Mtanzania wetu, John Stephen Akhwari, aliyeanguka njiani akaumia goti: saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Masafa ya waliomaliza ni saa 1, dakika 5 na sekunde 1. Muda wa Akhwari hauelezi kasi yake ya kawaida, unaeleza goti lililofungwa bandeji. Anayetaka kujua wakimbiaji wa siku ile walikuwa na kasi gani anaweza kuuweka kando, ilimradi aseme ameuweka kando na kwa nini. Kuufuta kabisa kwenye matokeo ni jambo jingine. Mtu alifika, na watu 18 kati ya 75 walioanza hawakufika.

Mpwa wangu akatulia kidogo, kisha akaniuliza kama basi aiache ile 21. Nikamwambia Mexico walikuwa na utepe wa chuma. Yeye ana mwenye namba, anakaa dawati la nyuma yake.

Usiku ule aliandika majibu mawili: "Masafa ni 200. Kama alisahau sifuri, ni 23. Kesho nitamuuliza."